Kesi ya mipaini ya British Columbia: mdudu ndo kaua, au fangasi anayebebwa mdomoni mwake?

Haya wadau, leo kesi moja tu ila tuichambue mpaka ndani. Jimbo la British Columbia, magharibi kabisa mwa Kanada, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kwa miaka kama 15 hivi mbele, mdudu mweusi wa milimita 5 alipita kwenye misitu ya mipaini eneo la zaidi ya hekta milioni 18. Ukitaka kuona ukubwa wake chukua Tanzania Bara igawe mafungu matano, fungu moja ndo hilo. Sio kwamba kila mti humo ulikufa, hapana, ila ukichukua paini yote ya kibiashara ya jimbo zima zaidi kidogo ya nusu ya ujazo wake ilienda, na kuna miji kibao kule ilikuwa inakula kwa huo mti.

Mdudu jina lake la kitaalamu Dendroctonus ponderosae, yuko kundi la mbawakawa wa magome, na mti alioushambulia zaidi ni Pinus contorta. Sasa ukiuliza nani kaua, jibu la haraka ni mdudu. Aliyesoma soma kidogo atakwambia hapana, mdudu kazi yake ilikuwa kumfikisha tu, muuaji ni fangasi wa bluu anaetembea nae mdomoni. Hili jibu la pili limekaa vitabuni miaka mingi na ndo ninalotaka tuligombanie hapa, maana mi naona kazi ya kwanza ya fangasi kwenye kesi hii ni chakula, hayo ya kuua ni ya ziada, na ukilikosea hilo utashindwa kuelewa mambo mengi yaliyotokea baadae.

Tuanze na tukio lenyewe. Mwezi wa saba kuelekea wa nane, huko ni katikati ya joto lao, majike ndo yanatangulia. Jike linatua kwenye shina linatoboa gome mpaka kwenye ile nyama laini ya ndani inayoshusha sukari kutoka juu kwenye majani. Mti nao haukubali kirahisi, unamwaga utomvu pale pale kwenye tundu, na utomvu wa paini umejaa kemikali zinaitwa terpini ambazo kwa mdudu ni sumu, ndo maana ukitembea kwenye msitu ulioshambuliwa unakuta vidonge vya utomvu vimeganda kwenye shina, vingine vyeupe vingine vimechanganyika na unga mwekundu wa gome, na ukipasua baadhi unamkuta mdudu kanasa kafia humo humo. Akija mdudu mmoja au kumi mti wenye afya unawamaliza. Tatizo ni kwamba jike anachukua alfa-pineni ya kwenye utomvu, silaha ya mti wenyewe, anaigeuza kuwa feromoni inaitwa trans-verbenoli, harufu inasambaa hewani wenzake wanakuja, madume yakifika nayo yanaongeza ya kwao, exo-brevikomini, na ndani ya siku chache mti una mamia ya matundu. Wataalamu huwa wanataja matundu kama 40 kwa kila mita moja ya mraba ya gome, ikifika hapo mti mkubwa mzima unaishiwa utomvu wa kujitetea. Baada ya hapo harufu inabadilika, verbenoni inapanda, ujumbe wake ni kwamba hapa pamejaa tafuteni kwingine, na hii verbenoni binadamu nao wameshaidaka, wanaiweka kwenye vipakiti wanavigonga kwenye mti wanaotaka kuulinda ili wadudu wapitilize.

Sasa kila mdudu aliyetua ana mzigo. Kwenye mdomo, chini kule vipande vya taya vinapoungana na kichwa, kuna vifuko viwili vidogo sana vinaitwa mikangia, na ndani yake zimejaa spoo za fangasi, yaani vile vichembe anavyozalia kama mbegu. Hapa usifikirie uchafu uliomganda njiani, hicho ni kiungo cha mwili kabisa, kipo kwa kazi hiyo. Anavyotafuna kwenda mbele spoo zinabaki kwenye kuta za njia anayochimba. Fangasi wakuu anaobeba, hao wa bluu wenyewe, ni watatu, Grosmannia clavigera, Ophiostoma montium, na Leptographium longiclavatum ambaye alikuja kupewa jina mwaka 2005, yaani mlipuko uko kwenye moto wake ndo watu wanagundua kumbe kuna wa tatu.

Ukibandua gome la mti uliokufa stori yote unaisoma kwa macho. Kuna njia moja ndefu inapanda wima, chini kabisa imepinda kidogo pale jike alipoingilia, urefu unaweza kufika sentimita 30 na zaidi. Pembeni kushoto na kulia ndo mayai yalikuwa yamepangwa, na kutoka kila yai kuna kinjia kinaenda mlalo, kinaanza chembamba kinapanuka kadri buu lilivyokuwa linakua, mwisho wake kuna kichumba cha mviringo ambako buu lilijigeuza kuwa mdudu kamili. Hicho kichumba ndo cha kukiangalia kwa makini. Kuta zake zimevaa fangasi, wa rangi nyeusi nyeusi, na vishina vidogo sana vimesimama vikiwa na kitone cha spoo kinachonata juu yake. Mdudu mchanga akimaliza kujigeuza hatoki hapo hapo, anakaa kwanza analamba hizo spoo anazila, na katika kula huko vifuko vya mdomoni vinajaa. Akitoka kwenda kutafuta mti mwingine keshashiba na keshapakia.

Swali la msingi ni kwa nini ahangaike hivyo. Jibu ni kwamba gome la paini ni chakula kibovu, naitrojeni ni kidogo mno na mbao ya ndani ndo kabisa. Fangasi yeye nyuzi zake zinapenya mpaka ndani ya mbao mahali ambapo buu haliendi, zinakusanya naitrojeni iliyotawanyika huko zinaileta kwenye gome karibu na buu linapokula. Halafu kuna suala la steroli, kundi la mafuta ambalo kolesteroli imo. Wadudu hawawezi kutengeneza steroli wenyewe, sisi ini linatutengenezea kolesteroli ila mdudu lazima aipate kwenye chakula, na bila steroli hawezi kujivua ngozi wala kukua, sasa fangasi hawa wana ergosteroli, steroli ya kwao, ya kutosha. Kwa hiyo buu linapotafuna gome lililoingiliwa na fangasi linapata vitu ambavyo gome peke yake lisingempa hata lile mara mbili.

Hii sio nadharia ya mezani. Mwaka 1998 watafiti Diana Six na Timothy Paine walitoa majibu ya majaribio ambapo walilea wadudu wenye fangasi tofauti na wengine wasio na fangasi kabisa. Waliokuwa na Grosmannia walitoa watoto wengi na wakatoka mapema, waliokuwa na Ophiostoma montium wakafuata nyuma, wasio na fangasi uzazi wao ukawa wa hovyo. Mimi nikiangalia hapo tu naona tayari tuna mshirika ambaye mdudu hawezi kuishi bila yeye, hata kama fangasi huyo asingemgusa mti kwa ubaya wowote.

Lakini upande wa pili nao tuutendee haki, maana hoja zao sio nyepesi. Wanasema hivi, ukiuchuna mti gome kuuzunguka mduara mzima hauanguki kesho, unaweza kubaki na majani yake mwaka na zaidi kwa sababu maji yanaendelea kupanda kupitia kwenye mbao, kilichokatika ni sukari ya kushuka tu. Ila mti ulioshambuliwa na huyu mdudu maji yanakata ndani ya wiki chache, na mdudu hachimbi mbao, anaishia kwenye gome. Nani basi kakata maji? Ukikata gogo unaona jibu, mbao yote ya nje imekuwa na rangi ya bluu kijivu, kabari kabari zinaelekea kwenye kiini, na palipo na bluu maji hayapandi. Tena watafiti walichukua Grosmannia wakaupandikiza kwenye mipaini bila mdudu kabisa, wakaweka sehemu nyingi zilizokaribiana, miti ikafa. Ukisikia hivyo unasema kesi imeisha.

Haijaisha. Mwaka 2011 Six na mtafiti mwenzake Michael Wingfield waliandika makala ndefu kuupinga huu mtazamo na mimi naona hoja zao zina uzito. Kwanza hizo pandikizo zinazoua mti zinakuwa nyingi na nzito, wakati fangasi kwenye mti halisi anaanza na kitone kidogo kwenye tundu la mdudu. Pili angalia muda, vita kati ya mti na mdudu inaamuliwa kwa siku, ni wingi wa wadudu unaomaliza utomvu, wakati fangasi anahitaji wiki kadhaa kuingia ndani ya mbao, na utomvu unapokuwa unatiririka kwa nguvu yeye mwenyewe anazuiliwa. Kwa maneno mengine anaingia kwa kina wakati mti umeshashindwa. Ni kweli anakata maji, hilo sibishi, ila anakata maji ya mti ambao hatima yake imeshaamuliwa mlangoni.

Na tatu, hii ndo inayonishawishi mimi zaidi, nenda kusini mwa Marekani kwa ndugu yake, Dendroctonus frontalis. Huyu naye anaua mipaini kwa maeneo makubwa, naye ana mikangia, lakini fangasi anaowabeba humo hawajulikani kwa ukali wowote kwa mti, ni fangasi wa kulisha mabuu. Fangasi mkali wa bluu yupo pale pia, anaitwa Ophiostoma minus, ila haji kwenye mikangia, anakuja na utitiri wadogo sana wa jenasi ya Tarsonemus waliodandia mwili wa mdudu, na hao utitiri wanamtegemea kwa chakula chao. Sasa patamu hapa, mabuu ya mdudu yakikutana na sehemu ya gome iliyochukuliwa na Ophiostoma minus yanadumaa na mengi yanakufa, kwa sababu huyo anawafukuza fangasi wa chakula. Yaani fangasi anayeweza kuudhuru mti zaidi ni hasara kwa mdudu, na miti inakufa hata palipokuwa hamna huyo Ophiostoma minus. Kama kazi ya fangasi ingekuwa ni kuua, mpangilio huu ungekuwa kinyume kabisa.

Haimaanishi fangasi wa British Columbia ni mpole. Mwaka 2011 huo huo timu ya Chuo Kikuu cha British Columbia ilitoa jinomu ya Grosmannia clavigera, yaani ramani ya jini zake zote, wakaonyesha kwamba akimwagiwa terpini anasimama kwanza, hakui, anapanga sistimu zake, afu anaanza kukua tena, na baadhi ya hizo terpini anazitumia kama chanzo cha kaboni. Kitu ambacho mti unakitoa kama sumu yeye anakigeuza msosi. Na sio yeye peke yake, mwaka 2013 ukatoka utafiti wa bakteria wanaoishi na mdudu huyu, wana jini kibao za kuvunja vunja terpini. Wengine wanasoma haya wanasema umeona, silaha hiyo. Mi nayasoma tofauti kidogo, kwamba buu litakaa kwenye hilo gome karibu mwaka mzima na gome limelowa sumu, anayelisafisha ni nani kama sio hao? Ni kuandaa makazi na chakula vile vile. Ila nakubali mtu mwenye akili timamu anaweza kubisha hapa.

Tuje kwenye suala ambalo watu wengi wanaliruka, kwa nini abebe fangasi zaidi ya mmoja wakati Grosmannia ndo chakula bora. Siri iko kwenye joto. Grosmannia anapenda ubaridi, Ophiostoma montium anastahimili joto zaidi, na Six pamoja na Barbara Bentz mwaka 2007 walionyesha kwamba wadudu wanaotoka wakati wa baridi baridi wanabeba zaidi Grosmannia na wanaotoka siku za joto kali wanabeba zaidi Ophiostoma. Kwa hiyo ukiwa na wote wawili hukosi chakula, msimu ukigeuka mmoja akilala mwingine anaamka. Hii imemsaidia mdudu kuishi kuanzia British Columbia mpaka kusini kabisa magharibi mwa Marekani. Sasa vyombo vya habari kila siku ni kwamba dunia ikipata joto mdudu anafaidika, na kwa upande wa majira ya baridi ni kweli kabisa, kwa sababu mabuu yanajaza gliseroli mwilini, kemikali inayozuia mwili kuganda, yanastahimili mpaka karibu nyuzi 40 chini ya sifuri, na kinachoyamaliza kwa wingi ni baridi ya kiwango hicho ikikaa siku kadhaa, au baridi kali ya ghafla mwezi wa kumi kabla hayajajiandaa, na hizo baridi zikawa zinakosekana mwaka baada ya mwaka. Ila joto likizidi kupanda Grosmannia anapungua, anabaki yule wa daraja la pili, na tumeshaona uzazi wa mdudu akimtegemea huyo unavyokuwa. Sijaona mtu anayelitilia maanani hili kwenye mijadala ya kawaida, watu wamebaki kuhesabu mdudu tu.

Kuhusu kwa nini mlipuko ulikuwa mkubwa vile sitakaa sana, inajulikana. Karne nzima walizima kila moto wa msituni, mipaini ikazeeka kwa pamoja, ikafika umri wa miaka 80 na zaidi yenye gome nene ambalo ndo mdudu anapenda maana nyama ya ndani ni nyingi, majira ya baridi yakalegea, ikatokea. Mwaka 2008 Werner Kurz na wenzake waliandika kwenye jarida la Nature kwamba msitu ule umegeuka kutoka kufyonza kaboni na kuwa unaitoa, makadirio yao ni megatani 270, yaani tani milioni 270, za kaboni kati ya 2000 na 2020. Hilo nalo ni zito ila lina mada yake.

Kilichowatisha watu wa misitu ni 2006. Mwaka ule kundi kubwa mno la wadudu lilibebwa na upepo likavuka milima ya Rocky likamwagika kaskazini magharibi mwa Alberta, jimbo jirani la upande wa mashariki, na 2011 ikathibitishwa kwa vipimo vya jini kwamba mdudu ameshaingia kwenye Pinus banksiana. Huu ni mti mwingine wa paini ambao misitu yake inaunganika kutoka Alberta mpaka kule pwani ya Atlantiki, na haukuwahi kuishi na mdudu huyu. Fangasi wake walivuka nae. Na hapa ndo ile tofauti ya chakula na silaha inapokuwa na maana ya kazi, kwa sababu ukiamini fangasi ni silaha utauliza tu kama Pinus banksiana inakufa akipandikizwa, wakati swali la maana zaidi ni kama Grosmannia anastawi vizuri kwenye gome lake jembamba na kwenye baridi ya huko mpaka aweze kulisha kizazi kizima, maana mti unaweza kufa halafu mabuu yasitoke ya kutosha na mlipuko ukaishia hapo.

Biashara nayo iliguswa. Mti uliokufa unakuwa mwekundu mwaka unaofuata, baadae majani yanapukutika unabaki kijivu, na mbao inaanza kupasuka kwa kukauka ikiwa bado imesimama, kwa hiyo serikali ikaongeza viwango vya uvunaji ili waokoe kinachookoka. Wateja walikuwa wanaikataa mbao ya bluu, na fundi wa kwetu naye angeikataa, si unajua paini ikishabadilika rangi bei inashuka hata kabla hujaigusa. Ukweli ni kwamba huyu fangasi wa bluu hali ile nyuzi nyuzi inayoipa mbao nguvu, anakula sukari na mafuta yaliyobaki kwenye seli, rangi inatokana na melanini ya mwili wake, na mbao kwa ujenzi inabaki imara karibu kama ile nyeupe, tena inanyonya dawa vizuri zaidi. Wakaja kuiuza kama ya urembo, na paa la ukumbi wa Richmond, karibu na Vancouver, uliotumika kwa mbio za kuteleza kwenye barafu Olimpiki ya 2010 limetumia paini iliyouliwa na huyu mdudu. Ila magogo yalipoisha yakaisha, mwaka 2014 viwanda vikubwa vya mbao Quesnel na Houston, hiyo Houston ya British Columbia sio ya Texas, vikafungwa.

Na Alberta wanapambana vipi? Wanapita kutafuta miti myekundu wakiwa angani, afu timu inatembea kwa miguu kuizunguka ile myekundu kutafuta ile ambayo bado ya kijani ila ina vidonge vya utomvu na unga wa gome chini ya shina, hiyo ndo ina mabuu, inakatwa na kuchomwa wakati wa baridi kabla mwezi wa saba haujafika. Februari 2019 ikaja baridi kali ikawasaidia sana, mabuu mengi yalikufa. Cha kuangalia ni kwamba hakuna anayepambana na fangasi moja kwa moja, hamna dawa ya kuvu inayopuliziwa pale, kwa sababu spoo zake zinanata, upepo hauzibebi, bila mdudu fangasi haondoki kwenye huo mti, na bila fangasi mdudu halei watoto, ukimkata mmoja umewakata wote. Ndo maana hata mbao za kufungashia mizigo zinazosafiri nchi kwa nchi, zile paleti zenye muhuri wa HT, yaani zimepashwa joto, unazoziona bandarini Dar na Mombasa, sheria inachotaka ni gome litolewe na kiini cha mbao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, hiyo ni kwa ajili ya wadudu kwanza kabisa, bluu ikibaki humo ibaki.